Siku Moja Maishani Mwangu: Mtakwimu wa Majaribio ya Shambani

Saa 2:00 asubuhi. Naanza na mpango wa jaribio la vipengele vitatu, yaani mbolea za nitrojeni (N), fosforasi (P) na potasiamu (K), ambavyo kila kimoja ama kinawekwa ama hakiwekwi. Michanganyiko yote ni 8, lakini udongo wa shamba lenyewe unabadilika upesi, kiasi kwamba ni vipande 4 tu vinavyoweza kukaa pamoja katika kitalu chenye udongo wa namna moja. Natumia njia aliyoieleza kwa upana mtakwimu Frank Yates wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1937: kitalu kimoja kinapata kipande kisicho na mbolea pamoja na NP, NK na PK, na kitalu chenzake kinapata N, P, K na NPK. Mwingiliano wa vipengele vyote vitatu, yaani jinsi athari ya kimoja inavyotegemea vingine kwa pamoja, unamezwa na tofauti ya vitalu. Naukubali upotevu huo bila kusita, kwa kuwa athari ya kila mbolea na mwingiliano wa mbolea mbili mbili, mambo ambayo mtafiti anayahitaji hasa, yanabaki salama.

Saa 4:00. Nahesabu digrii za uhuru, yaani idadi ya taarifa huru zilizopo kwa kila makadirio, kabla mbegu haijagusa ardhi. Kwa marudio 4 tunapata vipande 32: vitalu vinachukua 7, athari 6, na hitilafu, yaani tofauti za kibahati kati ya vipande, inabaki na 18, kiasi kinachonitosha. Kisha kompyuta inapiga kura ya kipande kipi kipate mchanganyiko upi ndani ya kila kitalu, upya kila mara.

Saa 6:00 mchana. Yamefika matokeo ya jaribio jingine, lenye viwango 3 vya umwagiliaji, aina 4 za mahindi na vitalu 4. Jedwali lililoambatanishwa linaipa hitilafu digrii 33, na hapo nasita. Nampigia mtafiti simu kumuuliza kura ya maji ilipigwaje, naye ananijibu kwamba kila kiwango cha maji kilifunguliwa kwa eneo zima, maeneo matatu katika kila kitalu, kisha aina za mahindi zikagawanywa katika vipande ndani ya kila eneo. Basi umwagiliaji haukujaribiwa katika vipande 48, bali katika maeneo 12, na hitilafu inayostahili kuupima ina digrii 6 tu. Zile 27 zilizobaki ni za kupimia aina za mahindi na mwingiliano wake na maji. Jinsi kura ilivyopigwa ndiyo inayoamua uchanganuzi, na kwangu hilo halina mjadala.

Saa 8:00. Nachanganua upya, kisha nachora wastani wa kila aina katika kila kiwango cha maji. Mistari inakatana: aina inayoongoza penye maji mengi inashika mkia penye maji machache. Kutoa wastani mmoja kwa kila aina kungempotosha msomaji, hivyo naripoti kila kiwango cha maji peke yake. Masalio nayo, yaani tofauti kati ya vipimo na makadirio, hayaonyeshi kasoro.

Saa 10:00 jioni. Naandika ripoti. Chini ya jedwali naweka makosa sanifu mawili, yaani vipimo vya kiasi ambacho makadirio yanaweza kuyumba, moja la kulinganisha aina za mahindi ndani ya kiwango kimoja cha maji na jingine la kulinganisha viwango vya maji vyenyewe, kisha namtumia mtafiti pamoja na mchoro wa shamba.