Farasi wa Delhi katika theluji ya Toronto

Nikitoka kazini alfajiri hupitia bustani ya Queen's Park. Nafanya usafi wa usiku kwenye jengo moja la maofisi karibu na hapo, na kituo cha treni ninachopandia, Museum, kiko upande wa kaskazini wa bustani. Siku tano kwa wiki, mwaka wa tisa huu, namkuta mfalme yuleyule wa shaba juu ya farasi wake, sanamu ya Edward VII wa Uingereza. Mwezi wa kwanza theluji humjaa mabegani, na nyingine hukaa kwenye kiuno cha farasi kama shuka lililokunjwa. Ikiyeyuka huteremka taratibu juu ya shaba na kuacha michirizi, na hapo ndipo unaona kijani cha kutu kilivyo kizito, hasa chini ya tumbo la farasi na kwenye ndevu za mfalme.

Miaka ya mwanzo nilimpita tu. Kichwani nilikuwa na treni, watoto wa kupeleka shule, na pesa za kutuma nyumbani. Aliyenisimamisha ni mzee mmoja tunayefanya naye kazi, mtu wa Delhi. Mimi humwita Uncle, kama tulivyowaita wazee wa Kihindi pale Kisutu, Dar es Salaam, tulipokuwa tukitumwa dukani. Asubuhi hiyo tulitoka pamoja. Alipofika kwenye sanamu akavua glovu, akaweka kiganja kwenye jiwe, akaniambia, "Huyu wa kwetu. Nikiwa mdogo alikuwa anakaa karibu na Jama Masjid. Baba alikuwa akininunulia karanga hapo chini yake."

Nikadhani anasema kwa mfano, kwamba kuna sanamu kama hii kwao. Akanivuta mkono mpaka kwenye kibao. Kweli, kimeandikwa kwa maneno machache: sanamu ilisimama kwanza Edward Park mjini Delhi, India, kisha ikaletwa Toronto kwa ukarimu wa Henry Jackman. Tarehe ni 24 Mei 1969. Basi. Kibao kinamshukuru aliyelipa, kinanyamaza kuhusu kilichomfanya mfalme aondoke.

Tangu siku hiyo sijampita tena bila kumtazama.

Huyo juu ya farasi ni Edward VII, mtoto wa Malkia Victoria, aliyetawala Uingereza kuanzia 1901 mpaka alipofariki Mei 1910. Kwa cheo alikuwa pia Mfalme Mkuu wa India. Alipotangazwa rasmi kwa Wahindi kwenye hafla kubwa ya Delhi mwaka 1903, mwenyewe hakwenda; alimtuma mdogo wake, Duke wa Connaught. Alipokufa ikaamuliwa ajengewe kumbukumbu katikati ya Delhi ya zamani, baina ya ile Ngome Nyekundu na msikiti wa Jama Masjid. Msingi uliwekwa Desemba 1911 na mwanawe, George V, alipokwenda India kutawazwa. Sanamu ikazinduliwa 1922 na mjukuu wake, Mwanamfalme wa Wales wa wakati huo. Baba amekufa, mwana ameweka jiwe, mjukuu amevuta kitambaa.

Fikiria hali ya 1922 lakini. Gandhi alikuwa amewaita watu wasusie utawala, na safari ya huyo mwanamfalme, tangu alipotia mguu Bombay Novemba 1921, ilipokewa katika miji mingi kwa maduka kufungwa na mitaa kuachwa mitupu. Ndiyo India ambamo mfalme wa shaba alipandishwa juu ya farasi na kuwekwa mbele ya msikiti mkuu wa mji. Haikuwa pambo ile. Ilikuwa amri iliyosimamishwa.

Aliyeitengeneza ni Thomas Brock, Mwingereza aliyekuwa fundi mkubwa wa sanamu za kifalme wa enzi zake. Ile kumbukumbu nyeupe ya Malkia Victoria mbele ya kasri la Buckingham, inayopigwa picha na kila mtalii, ni kazi yake. Mama na mwana, wote wamepita mikononi mwake. Brock alifariki mwaka huohuo wa 1922, kwa hiyo farasi wa Delhi ni katika kazi zake za mwisho.

Nimesoma kidogo namna farasi wa aina hii wanavyotengenezwa, na nimemheshimu fundi kuliko mfalme. Shaba yenyewe ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na bati. Kwanza fundi hufinyanga kwa udongo, kisha huchukuliwa kalibu, na shaba husubiwa ndani yake vipande vipande: kichwa, kifua, miguu, mkia, mtu mwenyewe. Ndani huachwa wazi, kwa sababu farasi wa shaba iliyojaa mpaka ndani asingebebeka wala asingeweza kujisimamia. Vipande huunganishwa, mishono ikasuguliwa mpaka isionekane. Tatizo kubwa ni miguu. Mzigo wote wa mnyama, na mtu juu yake, na tandiko, unateremkia kwenye miguu myembamba kama mirunda, ndiyo maana ndani yake hupitishwa vyuma vinavyozama mpaka kwenye jiwe la chini. Siku moja theluji ilipokuwa imeacha kudondoka nilisimama nikamtazama kwa chini, nikaona jinsi shingo ya farasi inavyokaza chini ya hatamu. Mfalme ametulia, anayefanya kazi ni farasi.

Mtindo huu wa mtawala juu ya farasi ni wa kale mno. Roma kuna Marcus Aurelius wa shaba, na yeye pia alihamishwa: mwaka 1538 Papa Paulo III aliagiza apelekwe kilima cha Capitolino, na Michelangelo akapanga uwanja mzima kumzunguka. Tangu hapo kila mfalme wa Ulaya aliyetaka kukumbukwa alitaka farasi. Ukimweka mtu juu ya farasi, halafu farasi juu ya jiwe refu, hakuna anayeweza kumtazama usoni bila kuinua shingo. Ndiyo siri yote ya umbo hili.

India ilipopata uhuru 1947 wafalme hawa hawakuondoka siku hiyohiyo. Waliondolewa mmoja mmoja. Edward alishushwa miaka ya 1960. Mwanawe George V, aliyekuwa amesimama chini ya kibanda cha mawe karibu na India Gate, alishushwa 1968 na kupelekwa Coronation Park, pembezoni mwa Delhi, kwenye uwanja uleule wa zile hafla za kutawazwa. Edward alipata mnunuzi wa mbali. Henry Jackman alikuwa tajiri wa Toronto aliyewahi kuwa mbunge. Akalipia, sanamu ikavuka bahari, ikasimamishwa hapa.

Pale Delhi, bustani iliyokuwa Edward Park sasa inaitwa kwa jina la Subhas Chandra Bose, yule aliyeongoza jeshi la Wahindi dhidi ya Mwingereza katika Vita vya Pili. Sanamu yake iliwekwa hapo mwaka 1975. Na kile kibanda cha George V kilichokaa kitupu zaidi ya miaka hamsini, mwaka 2022 nacho kikapewa Bose. Baba na mwana wote wamempisha mtu mmoja. Uncle aliponisimulia hili sauti yake ilibadilika, akamaliza chai yake bila kuongeza neno.

Hapa Toronto kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Bustani hii ilifunguliwa 1860, na aliyeifungua ni Edward mwenyewe, kijana wa miaka 18 aliyekuwa akizunguka Kanada kwa niaba ya mama yake. Jina la bustani ni la huyo mama, na yeye yupo upande wa kusini mbele ya Bunge la Ontario, ameketi kitini, wa shaba vilevile. Kwa hiyo mtu anaweza kusema sanamu imerudi kwenye mlango ambao mwenyewe aliufungua. Mimi sioni hivyo. Sanamu hii haikutengenezwa kwa ajili ya Toronto. Ilitengenezwa kwa ajili ya macho ya watu wa Delhi, na ukiitoa kwenye macho hayo imebaki farasi mzuri katikati ya miti. Wanafunzi wa chuo kikuu kilicho jirani wana mazoea ya kumpaka farasi rangi sehemu za siri. Unapita asubuhi unakuta rangi mpya. Uncle hapendi kabisa. Anasema mnyama hana kosa.

Mwaka 2020, watu walipokuwa wakidai sanamu za watu fulani ziondolewe, ile ya waziri mkuu wa kwanza wa Kanada, John A. Macdonald, mbele ya Bunge, ilizungushiwa mbao na ikakaa ndani ya mbao mpaka 2025. Nilikuwa napita hapo kila siku. Edward, upande wa nyuma wa jengo hilohilo, sikumwona akiwekewa hata ubao mmoja. Nadhani ni kwa sababu anayepita hajui ni nani wala katokea wapi. Hilo ndilo linaloniuma. Mji huu umejaa watu wa Delhi na Punjab, na sisi wa Afrika Mashariki tumo, na historia hii ni yetu sote. Kibao kiandikwe upya, kieleze kwa nini alisimamishwa, kwa nini alishushwa, na nani anakaa mahali pake leo. Jiwe ni pana, nafasi ipo.

Jumapili moja nilimpigia mjomba Dar kumsimulia. Mjomba alipaki teksi Posta kwa miaka mingi, na kwake kila safari ya mjini huanzia kwenye Sanamu ya Askari.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Baridi vipi huko?"

Nikamweleza yote. Akanisikiliza, kisha akauliza, "Sasa huyo Edward alitutawala na sisi?"

Zanzibar, ndiyo, ilikuwa chini ya ulinzi wa Mwingereza. Tanganyika, hapana. Miaka ya Edward ndiyo miaka ya Mjerumani kwetu, na ndiyo miaka ya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Lakini Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani aliyekuwa akituma askari na amri kutoka Berlin, mama yake ni dada wa tumbo moja na Edward. Huyu wa kwenye theluji ni mjomba wake.

Mjomba akanyamaza. Kwetu neno hilo si dogo. Mjomba ndiye anayekwenda kusema na mpwa akikosea.

Halafu yeye akanikumbusha la kwetu, ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa. Dar nayo ilikuwa na sanamu ya Mjerumani, ya Hermann von Wissmann, aliyevunja upinzani wa Bushiri bin Salim huko Pangani. Wissmann alisimama juu, na chini yake wakamweka askari Mwafrika akimwangalia kwa kuinua uso. Waingereza walipouteka mji 1916 waliing'oa wakaipeleka kwao kama nyara. Baadaye ikarudishwa Ujerumani na kusimamishwa Hamburg, mbele ya chuo kikuu, mwaka 1922, mwaka uleule Edward alipozinduliwa Delhi. Wanafunzi wa Hamburg wakaiangusha kwa mara ya mwisho 1968. Miezi michache baadaye Edward akasimamishwa Toronto. Nimeziandika tarehe hizi kwenye karatasi mara nyingi, nazipanga safu mbili, naziangalia.

Na Dar ikapata Askari wake mwaka 1927, kwa ajili ya Waafrika waliopigana na waliokufa kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Babu yake mjomba alikuwa mpagazi katika vita hiyo, mmoja wa wale waliobebeshwa risasi na vyakula kwa miguu porini, na ambao kikosi chao, Carrier Corps, kilitupa jina la Kariakoo. Yule askari wa Posta ana bunduki. Mpagazi hakuwekwa pale juu.

Nilimwonyesha binti yangu picha ya Askari kwenye simu, tukiwa tumesimama hapohapo kwenye miguu ya farasi. Ana miaka minane, amezaliwa hapa. Akaangalia picha, akamwangalia mfalme, akarudi kwenye picha.

"Baba, farasi wake yuko wapi?"

"Hakuwa na farasi. Alikwenda kwa miguu."

"Kutoka wapi mpaka wapi?"

Sikuwa na jibu la kweli. Dar ilikuwa saa kumi na mbili jioni, nikajua mjomba ameshatoka msikitini au ndiyo anaingia. Nikampa binti simu apige yeye, nikamkumbusha aanze na shikamoo.