Nani Atamwagilia Mwaka wa Pili? Kujitolea kwenye bodi ya miti na bustani za jiji hapa Marekani

Kwenye vikao vya bodi ya miti, ile inayolishauri baraza la jiji juu ya miti ya umma, takwimu inayotajwa mapema kuliko zote ni idadi ya miche iliyopandwa mwaka huo. Ni takwimu nzuri, lakini haitoshi. Swali la kuuliza ni nani ataimwagilia mwaka wa pili, na kwa fungu lipi la bajeti. Nawaandikia Waswahili wenzangu mnaoishi katika miji ya Marekani na mnaofikiria kuomba kiti kwenye bodi hizi. Mkiingia na swali hilo moja, mkalishikilia, mtakuwa mmefanya kazi ya maana.

Bodi yenyewe ni kitu kidogo. Mara nyingi ina wajumbe 5 hadi 11, hukutana jioni mara moja kwa mwezi, na kila kikao huchukua kama saa mbili. Mjumbe huteuliwa na meya au diwani, baraza la jiji likathibitisha, na hukaa miaka 2 hadi 4 bila malipo. Haiamrishi mtu. Inapendekeza, na baraza ndilo linaloamua, ingawa kuna miji ambayo bodi pia husikiliza rufaa za watu walionyimwa kibali cha kukata mti. Kwa hiyo nguvu yake yote iko katika ubora wa inachokiandika na wakati inapokiwasilisha.

Miji mingi ilianzisha bodi hizi ili ipate kutambuliwa na mpango wa Tree City USA, ulioanzishwa mwaka 1976 na unaosimamiwa na Arbor Day Foundation. Masharti yake ni manne: jiji liwe na bodi au idara ya miti, liwe na sheria ndogo ya kutunza miti, litenge angalau dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka, na liadhimishe Siku ya Miti kwa tamko rasmi. Jiji la watu 60,000 linatakiwa kufikia dola 120,000. Hapo mjumbe mpya awe macho. Fedha hizo si za kupanda peke yake: kupogoa, kung'oa visiki, mishahara, maji, hata saa za watu waliojitolea, vyote huhesabiwa. Jiji linaweza kufikisha dola 2 na karibu zote zikaishia kukata miti iliyokufa. Omba mchanganuo wa matumizi ya miaka mitatu, fungu kwa fungu, kabla ya kusifu jumla.

Tuanze na namna ya kuomba. Fomu iko kwa karani wa jiji, au kwenye tovuti ya jiji chini ya bodi na kamati. Kabla ya kuijaza, hudhuria vikao viwili kama mwananchi wa kawaida (viko wazi kwa wote), kisha soma muhtasari wa vikao vya miezi 12 iliyopita. Soma pia sheria ndogo ya miti ya jiji lako. Itakueleza mti wa ukanda wa kando ya barabara ni wa nani na nani anawajibika kuupogoa, maana kuna miji ambako mti ni wa jiji ilhali gharama ni za mwenye nyumba, jambo linalowaumiza wenye kipato kidogo. Kwenye fomu usiandike kwamba unapenda mazingira. Kila mwombaji ameandika hivyo. Taja mtaa unaoufahamu, taja vitalu vitatu vya nyumba visivyo na kivuli kwenye njia ya watoto kwenda shule, sema lugha unazozungumza na majirani, na sema jioni zipi una nafasi. Kama Kiingereza kinakupa shida, muulize karani wiki kadhaa kabla ya kikao juu ya mkalimani.

Sasa jambo la kutofanyia mzaha hata kidogo. Miji mingi inataka uwe mkazi tu, lakini mingine inataka uwe mpiga kura aliyesajiliwa. Kama wewe si raia wa Marekani, hata kama una kadi ya kijani, hata kama ni mkimbizi mwenye karatasi zote, usijisajili kupiga kura ili upate kiti hicho. Kujidai raia kwenye fomu ya usajili ni kosa linaloweza kukuharibia uraia wa baadaye na hata kukufukuzisha nchini. Mweleze karani hali yako kwa uwazi. Kama sheria ya mji inakuzuia, bado unaweza kuzungumza katika dakika za wananchi kila kikao, na kwenye kamati ndogo za kazi mara nyingi wanapokewa watu wasio wajumbe.

Ukishateuliwa, kinachowanasa wapya ni sheria ya mikutano ya wazi. Kila jimbo lina yake. California ina Brown Act ya mwaka 1953, inayotaka ajenda ya kikao cha kawaida ibandikwe saa 72 kabla. Jambo lisilo kwenye ajenda halijadiliwi wala haliamuliwi. Sisi tuliozoea kumaliza jambo kwa simu au kwenye kundi la WhatsApp kabla ya kikao, hapa tubadilike. Wajumbe wanaofikia akidi wakijadiliana pembeni shughuli ya bodi, hata kwa kupokezana barua pepe mmoja baada ya mwingine, wameshafanya mkutano haramu, na uamuzi unaweza kubatilishwa. Ukipata barua pepe iliyotumwa kwa wajumbe wote, usijibu kwa wote. Mjibu ofisa wa jiji anayehudumia bodi. Fungua anwani ya pekee kwa kazi hiyo, kwa kuwa mawasiliano hayo ni kumbukumbu za umma na mwananchi anaweza kuyaomba. Na kama ndugu yako ana kampuni inayozabuni kukata miti, tamka mgongano wa maslahi mapema, utoke, usipige kura.

Turudi kwenye mche. Mche wa barabarani wenye shina la sentimita 5 hung'olewa kitaluni ukiacha sehemu kubwa ya mizizi yake ardhini. Ndiyo maana unahitaji lita 60 hadi 75 za maji kwa wiki wakati wa jua, kwa misimu miwili au mitatu, mpaka mizizi mipya ienee. Piga hesabu na uiweke mezani: miche 200, kila mmoja lita 70, ni lita 14,000 kwa wiki. Gari lenye tangi la lita 2,000 litakwenda safari saba kila wiki. Kwa msimu wa wiki 20 hizo ni lita 280,000 na safari 140, pamoja na dereva, mafuta na bomba la kuchotea. Siku ya kupanda, watu hujaa na majembe, na picha hupigwa. Julai, jua linapowaka, hayupo mtu. Mifuko ya maji inayofungwa shinani, ile ya lita kama 75 inayodondosha polepole kupitia matundu madogo, husaidia, ila lazima mtu aje kuijaza. Mfuko mtupu uliosahaulika huweka gome katika unyevu na kuficha wadudu na panya. Bajeti isipotosha, afadhali jiji lipande miche 80 inayomwagiliwa kuliko 200 ya kungojea mvua.

Ukitaka kujua kazi ya mkandarasi ikoje, nenda kwenye mti uliopandwa mwaka jana, upige magoti. Angalia pale shina linapoingia ardhini. Mti uliopandwa vizuri hutanuka pale chini kama kitako cha kinu, na unaona mabega ya mizizi mikuu yakianza kwenda pande zote. Mti uliozikwa huingia udongoni wima kama nguzo ya umeme. Fukua kwa vidole: ukichimba sentimita 10 ndipo ukute mzizi wa kwanza mkubwa, ujue umezikwa. Mizizi iliyokosa hewa hupanda juu na kulizunguka shina, na baada ya miaka kumi na zaidi mzizi mmoja unaokaza huukaba mti ambao kila mtu alidhani umeshika. Sababu yake ni ya kawaida kabisa. Kitaluni udongo hulundikwa juu ya bonge la mizizi, na mpandaji hulinganisha ukingo wa shimo na juu ya bonge, si na shingo ya mti, pale shina linapotanuka kuwa mizizi.

Kosa la pili utaliona bila kupiga magoti: matandazo yaliyorundikwa shinani kama kichuguu. Gome linaoza, panya wanapata maficho, na mizizi inaota ndani ya matandazo badala ya udongoni. Unene wa sentimita 5 hadi 10 unatosha, yatandazwe kwa upana, na yasiguse shina.

Haya yote bodi inaweza kuyatibu kwa kipengele kimoja cha mkataba: shimo liwe na upana mara mbili au tatu ya bonge lakini lisizidi kina chake, shingo ya mti ionekane juu ya udongo, waya na gunia vinavyolifunga bonge vikatwe angalau nusu yake ya juu, vigingi viondolewe baada ya mwaka, mti ukifa ndani ya miaka miwili mkandarasi aurudishe, na sehemu ya malipo izuiliwe mpaka ukaguzi wa mwisho. Mwombe ofisa wa miti wa jiji alete nakala ya mkataba unaotumika sasa. Ukikuta imeandikwa tu kwamba miti ipandwe kitaalamu, umeshapata kazi ya miezi mitatu.

Kuna na suala la aina. Miji mingi ya kaskazini ilipanda mielmi, miti ambayo Wamarekani huiita elm, mtaa mzima, ugonjwa wa ukungu ukaifyeka karne iliyopita. Pengo likazibwa kwa wingi na miti ya jamii ya Fraxinus, ambayo Wamarekani huiita ash. Mwaka 2002 karibu na Detroit akagunduliwa mbawakawa wa kijani kutoka Asia, ambaye mabuu wake hula chini ya gome na kukata njia za maji na chakula. Ameua miti mamilioni kwa makumi. Dalili yake ya karibu ni tundu dogo la kutokea lenye umbo la herufi D, upana wa milimita 3 hivi. Tangu mwaka 1990 wataalamu wanatumia kipimo cha Frank Santamour: spishi moja isizidi asilimia 10 ya miti ya jiji, jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, isizidi 20, familia, yaani kundi la jenasi, isizidi 30. Omba orodha ya miti ya jiji uihesabu. Ukikuta mepo, yule mwenye jani la bendera ya Kanada, imevuka 20, pendekeza isipandwe tena kwa sasa, hata kama wakazi wanaipenda kwa rangi ya majani yake.

Na wapi ipandwe? Hapa ndipo sauti ya mpangaji wa ghorofa inapokosekana zaidi, kwa sababu miji mingi hupanda pale mwenye nyumba anapoomba, na mpangaji haombi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 juu ya miji 108 ya Marekani ulionyesha kwamba mitaa iliyotiwa alama nyekundu kwenye ramani za mikopo ya nyumba na kunyimwa mikopo miaka ya 1930 ina joto zaidi, kwa wastani nyuzi 2.6 za Selsiasi, kuliko ile isiyotiwa alama hiyo. Juni 2021 Portland ya Oregon ilifikia nyuzi 46.7. Siku kama hiyo kivuli ni uhai wa mzee aliye ghorofa ya tatu bila kiyoyozi. Pendekeza fomu ya kuomba mti iweze kujazwa na mpangaji, iwepo kwa Kiswahili, na jiji lenyewe limtafute mwenye jengo kwa idhini.

Pendekezo liandikwe fupi, lenye mtendaji, kiasi na tarehe. Kwa mfano: "Bodi inapendekeza Baraza litenge fungu la kumwagilia miche yote iliyopandwa katika miaka mitatu iliyopita, safari saba za gari kwa wiki, Mei hadi Septemba, na idara itoe taarifa ya miche iliyo hai kila Oktoba." Mmoja atoe hoja, mwingine aiunge mkono, kura zihesabiwe, na katibu aiandike neno kwa neno kwenye muhtasari. Kisha angalia kalenda. Kama mwaka wa fedha wa jiji lako unaanza Julai, idara huanza kuandika maombi yake majira ya baridi, kwa hiyo hoja hiyo ipite Desemba au Januari. Ikipita Mei, baraza litakushukuru na kukuambia ungoje mwaka ujao, na miche itakuwa imeshapitisha kiangazi kingine bila maji.