Haziandikwi na mtu

Nilisema mwaka huu siandiki zile za "mwaka wangu kwa ufupi", maana ya mwaka jana niliirudia juzi nikaona aibu mwenyewe, eti nitaandika hadithi 3 na kupata leseni ya udereva, mnajua yaliyotokea. Ila kuna kitu kimenikaa tangu Jumanne, nikiosha vyombo kipo, nikizima taa kipo, bora nikitoe.

Jumanne mchana steshenari imetulia, bosi kaenda Kariakoo kufuata rimu na tona. Akaingia kijana wa kama miaka 15, wa likizo, yebo miguuni, simu imepasuka kioo.

"Dada shikamoo. Kuprinti bei gani?"

"Marahaba. Mia kwa ukurasa. Tuma WhatsApp, namba hiyo hapo ukutani."

"Ni ya mama. Kasema ukuze maandishi, macho yanamsumbua."

Ikaingia pidiefu, kurasa 61. Nikafungua nikijua ni mambo ya mikopo au dua. Mstari wa kwanza: "Sauda alishuka Msamvu na begi moja na mimba ya miezi minne."

Jamani. Huo mstari ni wangu, wa hadithi ya Sauda ninayowatumia kwa sehemu kwenye grupu, niliuandika Februari, nimesimama kwenye daladala na kuku wa mtu miguuni. Nikashuka chini taratibu na mausi kama mtu anayefungua mlango wa chumba chake akakuta mtu kalala. Yote ipo, sehemu 46 zimeunganishwa, jina langu hakuna, namba ya kulipia hakuna, kila nilipoandika ITAENDELEA pamefutwa, na mbele mwizi kaweka picha ya waridi. Kazi safi kabisa. Ila ukurasa wa 3 "machozi yalimtililika" bado yanamtililika, lile kosa mlilonicheka wiki nzima. Jina kafuta, kosa kaacha.

Nikamuuliza kijana, sauti nimeilegeza kama sijali, "Hii kaandika nani?"

"Hata sijui dada. Hizi za mtandaoni haziandikwi na mtu."

Basi. Ndo hilo tu.

Hakusema kwa dharau, angesema kwa dharau ningepata pa kushika. Alisema huku anachokonoa kipande cha kioo kwenye simu, hata hakuniangalia. Haziandikwi na mtu. Nimeshamjibu mara ngapi tangu siku hiyo sijui. Kuna jibu la ukali nililolipata bafuni usiku uleule, "mdogo wangu, mtu mwenyewe ndo huyu anakuprintia". Kuna la upole nililolipata Jumatano kwenye foleni ya wodi ya wazazi (wifi kajifungua mkesha wa Krismasi, wa kiume, kilo 3.2, wote wazima, Mungu ashukuriwe), lile zuri sana, ninatabasamu kwanza halafu namwonyesha daftari. Yote nimechelewa nayo. Pale pale mdomo wangu ulitoa nini? "Sawa, subiri kidogo."

Na tena si kwamba sikujaribu. Nilipeleka kishale juu kabisa, chini ya waridi, nikaandika jina langu lote, mpaka la ukoo. Nikaliangalia. Nikamwangalia kijana. Nikaona ataniuliza, au mama yake atauliza, halafu nianze kujieleza mbele ya mteja kama nadai urithi, nikafuta herufi mojamoja. Kwa nini mojamoja na nilikuwa naweza kurudisha kwa kubofya mara moja, sielewi.

Sa nikifanya hesabu ya mwaka ndo inauma zaidi. Hiyo ya Sauda niliiuza nzima kwa 1,500, wakanunua watu 63, yaani 94,500 kwa mwaka mzima, na humo utoe bando. Grupu lina watu zaidi ya 400, mnajijua. Mwezi wa 4 nilisema nitaichapa vizuri niisafishe nijipange kwa ile Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya waandishi, wanayotoa 13 Aprili siku aliyozaliwa, nikaangalia watu wanapanda jukwaani nikazima simu nikaenda kusonga ugali. Mpaka leo sijasafisha hata ukurasa mmoja.

Hapana, nadanganya. Nimesafisha kurasa 84, Jumanne hiyohiyo.

Maana nilipokuza maandishi zikawa 84, ikabidi nizipitie nione kama zimekatika vibaya, nikafika sehemu ya 12. Mnaikumbuka 12? Sauda yuko SGR, ile treni mpya ya umeme, imesimama Ngerengere, ananunua hindi la kuchoma dirishani. Msomaji mmoja aliniandikia saa 5 usiku, "Dada madirisha ya SGR hayafunguki, wewe umeipanda lini?" Nilikuwa sijaipanda. Treni niliyoijua mi ni ile ya zamani, tukienda na marehemu babu, unanunua mpaka kuku dirishani. Mwezi wa 7 nikatoa 13,000 yangu, Moro mpaka Dar, kwenda tu kushika kioo. Nilipitisha kidole pembeni pote kutafuta pa kufungulia, mzee wa jirani akanisogezea begi lake akaliweka mapajani. Nikarudi nikarekebisha kwenye nakala yangu, hindi akanunua stesheni nje kabla ya kupanda. Ila mwizi alikusanya zile za mwanzo, kwa hiyo kwake Sauda bado anatoa mkono nje ya dirisha lisilofunguka.

Sikuweza kuiacha. Hata kama ya wizi. Nikakaa pale, namhariri mwizi.

"Mbona unaandika tena dada?"

"Napanga kurasa."

Nikamtoa mkono Sauda dirishani, nikafuta machozi yakatiririka kwa R, nikaona na pengine nimeandika "Hamisi" wakati Hamisi alishakufa sehemu ya 30, hilo hakuna aliyewahi kuniambia, asanteni sana. Kijana kashaanza kusinzia kwenye stuli.

Printa inatoa, ndo akaamka akaanza kuongea bila kuulizwa. "Mama kaisoma yote kwenye simu. Kasema mwisho mbaya sana." Roho ikadunda. Huo mwisho mnajua nilivyouandika, 28 Oktoba nimetuma sehemu ya 41, kesho yake uchaguzi, mtandao ukazimwa, siku zote zile nimekaa ndani na daftari la hesabu la mwanangu Nuru, hakuna wa kuniambia Sauda arudi kwao, hakuna wa kuniambia mtoto apone. Mtandao unarudi Novemba nikamwaga zote tano kwa mpigo, mkanitukana siku tatu na wawili wakatoka kwenye grupu.

"Sasa kama mwisho mbaya mbona anaprinti?"

"Anampelekea bibi, yuko Matombo. Alimsimulia kwenye simu, bibi akasema hataki kusimuliwa, anataka asomewe. Mama anaenda nayo mwaka mpya atakaa amsomee. Kule taa hafifu ndo maana kasema ukuze."

Nikageukia printa, nikajifanya karatasi imekwama.

Nimeijua Matombo, nimepita. Nimejaribu kumfikiria huyo bibi, kanga, mguu kaunyoosha, anasikiliza Sauda anashuka Msamvu, na mama wa watu anasogeza karatasi kwenye taa. Hajui jina langu na hatalijua. Ila akifika kwenye hindi, atanunua stesheni nje. Sijui kwa nini hilo limenipa furaha ya kijinga namna hii, Alhamisi nimepika pilau ya Krismasi naimba, baba Nuru akaniuliza nimeokota nini.

Bei ikawa 8,400. Kijana kafungua noti, 8,000 kamili, "mama kasema upunguze". Bosi anahesabu kaunta ya mashine kila jioni, kwa hiyo mia nne nikatoa yangu. Nimelipia hadithi yangu mwenyewe mia nne. Na kuibana kwa pini imekataa, nene, nikaipiga spairo, kwenye daftari nikaandika spairo moja imeharibika. Bosi ukipita hapa, nitailipa. (Na hilo la duka kuhamia Kihonda mwezi wa pili tutaongea, mi nauli ya bodaboda kila siku siwezi.)

Akaondoka nayo kwapani. Mlangoni akageuka, nikasema sasa, sasa ndo anauliza.

"Dada, una mfuko? Naona kunataka kunyesha."

Nikampa mfuko.

Sehemu ya kwanza ya hadithi mpya nilisema Jumapili, itakuwa Jumatatu, msinipigie. Upepo wa leo siupendi. Mwembe wa jirani umelala upande wetu tangu mvua ya wiki iliyopita, mizizi ya kule nyuma imeanza kuonekana, nimemwambia mara mbili anasema utakatwa baada ya maembe. Tawi kubwa liko juu ya chumba cha Nuru kabisa. Nimemhamishia kwangu, kalala, na kila kikipiga kitu batini nanyanyuka.