Andazi moja dola mbili

Wifi yangu amenitumia sauti ya dakika nne na sekunde kumi na mbili. Dakika ya kwanza ni salamu: watoto hawajambo, mama anaendelea na dawa zake, Tanga mvua imegoma. Dakika tatu zilizobaki ni andazi tupu. Mume wangu aliipiga picha meza yangu pale sokoni, akairusha kwenye grupu la familia bila kuniuliza, na kwenye picha hiyo kibao cha bei kinaonekana vizuri kuliko sura yangu: moja dola 2, matatu dola 5. Watu wakatoa simu wakapiga hesabu.

"Wifi, andazi moja elfu tano? Hiyo si biashara, ni dhuluma. Hapa kwa mama wa kona tunakula kumi na chai juu, na chenji inarudi."

Nimeisikiliza mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimekaa kwenye gari nje ya kazini, nimetoka zamu ya usiku ya kutunza wazee, mgongo umekakamaa. Mara mbili za mwanzo nilicheka. Ya tatu ilinichoma, kwa sababu nyuma ya sauti yake nilimsikia shemeji yangu akisema, "Wamarekani wanamfanya na yeye awe hivyo." Haya, kaeni tuhesabiane.

Kwanza mjue nilipo. Naishi Wheaton, jimbo la Illinois, mji wa watu kama elfu hamsini na nne, kilomita zisizopungua arobaini magharibi mwa Chicago. Msifikirie maghorofa yale ya kwenye sinema. Huku ni nyumba, nyasi zilizokatwa, makanisa, chuo cha Kikristo ambako mhubiri Billy Graham alisoma, na mahakama ya kaunti ya DuPage. Watu wengi wanafanya kazi Chicago na kurudi kulala. Treni ya Metra inakufikisha kule chini ya saa moja. Katikati ya mji ni mitaa michache tu ya maduka ya matofali, na reli imepita papo hapo. Ikishuka geti ya reli na inayokuja ni treni ya mizigo, zima injini. Mimi huwa nahesabu mabehewa, sijawahi kumaliza.

Katika mji wa namna hii, duka kufungwa ni msiba. Asubuhi unakuta karatasi imebandikwa kwenye kioo: tunawashukuru kwa miaka yote, kodi imepanda, tunastaafu. Ikifika mchana mji mzima unajua. Watu wanaomboleza, mmoja alivishwa pete pale kwenye meza ya dirishani, mwingine alinunulia hapo viatu vya mwanawe vya kwanza. Ukiwauliza lini mara ya mwisho waliingia kununua, kimya. Siku ya tatu msiba unageuka mjadala: kitakuja nini pale? Si piza tena jamani, piza zimetosha. Si kahawa. Halafu lazima atokee mmoja wa kulalamikia maegesho. Yaani mtu akitembea dakika tatu kutoka gari lilipo hadi mlangoni mwa duka, anaona mji umeshindwa. Ningependa sana nimpe funguo za gari aingie Kariakoo wiki moja kabla ya Idi.

Lakini nisiwacheke sana, maana wana jambo moja ninalowaonea wivu. Pale Front Street kuna kiduka cha bisi, kinaitwa Little Popcorn Store, kipo tangu 1921. Kimebanwa kati ya majengo mawili, yaani ni kichochoro kilichoezekwa. Ukiingia na mwenzio anatoka, mmoja wenu ageuke ubavu. Wanauza bisi, peremende za kuchota, na hakuna zaidi ya hapo. Miaka zaidi ya mia moja! Watu wanatoka miji mingine kuja kupiga picha kichochoro. Kila nikipita nakumbuka vichochoro vyetu vyote nilivyopita nikiwa mtoto, mtu kaweka ubao wa karanga, mwingine fundi saa, mwingine vocha, na mwaka 2021 tulivyoona machinga wa Dar wakihamishwa barabarani na mabanda yakivunjwa. Sisemi mji usipangwe. Nasema tu huku kichochoro kimoja chenye biashara kimefanywa fahari, na sisi tuliokuwa navyo elfu tulivionea haya.

Sasa andazi.

Nilianza kwa kupika ya nyumbani tu, ya tui na iliki. Nikampelekea jirani sahani, jirani akamwambia wa kwake, ikafika mahali watu wananiuliza wanalipa kwa njia gani. Kwetu hapo ungeshanunua karai la pili. Mimi nikaambiwa na mwenzangu kazini: usiuze kitu kabla hujajua sheria. Akaniokoa.

Illinois ina sheria ya vyakula vya nyumbani, iliyolegezwa kuanzia Januari 1, 2022. Inakuruhusu kupika jikoni kwako na kumuuzia mlaji mwenyewe, sokoni au mlangoni kwako, bila kukodi jiko la mgahawa. Ila lazima ujisajili idara ya afya ya eneo lako kila mwaka, ada isiyozidi dola 50. Kabla ya hapo uwe na cheti cha msimamizi wa usalama wa chakula, kile kile anachotakiwa kuwa nacho meneja wa hoteli. Nikakaa kusoma, mtu mzima mimi, na vitabu mezani: bakteria, ubao wa kukatia, chakula kisikae kati ya nyuzi 41 na 135 za Farenihaiti. Mimi niliyejifunza kupima mafuta kwa kudondosha kipande cha unga! Kozi na mtihani vilinitoka zaidi ya dola mia. Sambusa za nyama marufuku, nyama na samaki haviruhusiwi kabisa kwenye mpango huu. Kwa hiyo ndoto ya sambusa nikaizika, nikabaki na andazi.

Halafu stika. Kila pakiti lazima iwe na stika yenye jina la biashara, namba ya usajili, tarehe ya kupika, viungo vyote kuanzia kinachozidi uzito hadi cha mwisho, na vile vinavyodhuru baadhi ya watu. Kwa hiyo kwenye andazi nimeandika: lina ngano. Na chini kabisa kuna sentensi ambayo sheria imeitunga yenyewe, huongezi wala hupunguzi, nayo inamwambia mteja kwamba chakula hiki kimepikwa kwenye jiko la nyumbani ambalo halijakaguliwa na idara ya afya. Soma tena hapo. Nalipia usajili ili nipate haki ya kuwatangazia watu kwamba jiko langu halijakaguliwa. Na meza nayo iwe na kibao kinachosema hivyo hivyo, kisomeke. Ijumaa usiku, saa nane, watoto wamelala, mimi nimekaa sakafuni nabandika, karibu stika mia, gundi imejaa kwenye kucha.

Ongeza unga, sukari, hamira, tui la kopo, iliki ambayo bei yake huku ukiambiwa unaweza kukaa chini. Ongeza mafuta, gesi, karatasi za kufungia, kodi ya meza, kodi ya mauzo, tenti, na saa zangu. Kima cha chini cha mshahara Illinois ni dola 15 kwa saa tangu Januari 2025. Nikijilipa hizo dola 15 mwenyewe kwa kukanda, kukata, kukaanga, kubandika na kusimama, Jumamosi nyingi nimetoka na sifuri. Huyo ndiye mdhulumu wenu.

Na kama ni dhuluma, basi mji huu unaijua vizuri. Wazee wa hapa wanasimulia kwamba makao makuu ya kaunti yalikuwa Naperville, mji wa jirani, kura ya 1867 ikasema yahamie Wheaton, Naperville wakagoma kutoa vitabu. Vijana wa Wheaton wakaenda usiku wakavunja, wakabeba kumbukumbu za kaunti kwenye mikokoteni. Wanalisimulia kwa kicheko, kama sisi tunavyosimulia timu yetu ilivyoiba mechi.

Soko lenyewe ni la Jumamosi asubuhi, wanaliita Soko la Kifaransa. Mfaransa sijamuona. Kuna wa mahindi, wa maua, wa jibini, wa sabuni, wa mkate wa dola tisa ambaye hakuna wifi anayemtumia sauti. Wateja wangu wa kwanza wote waliuliza swali moja: hizi ni donati? Nikawa naeleza kwa heshima. Mama mmoja kanunua, kaenda, karudi baada ya dakika kumi na andazi limeumwa mara moja. "Halina tundu, wala sukari juu, wala kitu ndani." Akalitazama kama mtu aliyepewa soksi moja. Nikamrudishia pesa yake. Mwingine akauliza kama yana gluteni, ile protini ya ngano. Nikamwambia dada yangu, hii ni gluteni iliyokaangwa. Akacheka, na sasa huyo anakuja kila wiki kumnunulia mumewe.

Wiki ya pili upepo ukavuma. Huu upande wa nchi ni tambarare, upepo ukianza haujui kuomba njia. Tenti yangu nilikuwa nimeifunga na madumu mawili ya maji, ikanyanyuka miguu yote minne, mimi nimening'inia kwenye nguzo kama nguo ya kamba, maandazi yanaviringika kuelekea relini. Mzee wa asali wa meza ya pili hakusema neno. Alikuja na ndoo mbili zilizomiminiwa saruji, zina ndoano juu, akazifunga kwenye miguu ya tenti yangu, ya kwake akaikunja, akauzia juani mpaka saa nane mchana. Nilipompa pakiti ya maandazi alitoa dola tano. Nikakataa, akaiweka chini ya kibao changu cha jiko lisilokaguliwa.

Huyo huyo ndiye alinisimulia habari ya ile njia ya waenda kwa miguu inayopita mjini, Prairie Path, ninayotembea nikitoka zamu. Zamani ilikuwa reli ya treni ya umeme, karakana zake zilikuwa hapa hapa Wheaton. Tarehe 3 Julai 1957 watu walipanda asubuhi kwenda kazini, mchana kampuni ikasimamisha huduma, jioni hakuna treni ya kuwarudisha. Anasimulia kama jambo la ajabu ambalo binadamu hawezi kulielewa. Nikatikisa kichwa kwa huruma. Sikumwambia kuhusu migomo ya daladala.

Ninyi mnaojiandaa kuja, sikilizeni kidogo. Anayekuja kwa viza ya mwanafunzi asiguse meza ya soko. Kufanya biashara bila ruhusa ya kazi kunaweza kukuondolea ile viza uliyouzia shamba la babu. Mwenye karatasi zake, atunze kila risiti, hata ya kopo la tui. Na msidanganywe na picha. Kwenye ile picha ya grupu natabasamu kwa sababu nilikuwa sijalala saa ishirini na sita.

Wateja wa kupunguziwa bei ni wetu tu. Kaunti hii imepokea wakimbizi wengi, Wakongo na Warundi wakiwemo, na Jumamosi moja nilisikia nyuma yangu, "Mama, hizi mandazi unauza ngapi?" Nusura nimkumbatie. Mama wa makamo, kitenge kimefungwa juu ya koti la baridi. Nikamtajia bei. Akanyamaza kwanza, kisha, "Unatupunguzia?" Nikampa manne kwa dola tano. Akalivunja moja katikati, hakulila, alilichungulia ndani kwa jua. Akalibonyeza. Akanusa.

"Unayakimbiza," akasema. "Unga hujaulaza vizuri. Na mafuta yako yalikuwa ya moto sana, ona nje limeshaiva, ndani limebana."

Nikamuuliza amejuaje. Akasema aliuza maandazi Nyarugusu, kambini kule Kasulu, miaka kumi na moja, ndoo mbili kila alfajiri, na ndiyo yaliyosomesha watoto. Sasa yuko ghalani, zamu ya usiku, anapanga maboksi. Nikamwambia kuhusu usajili, kozi, stika. Alisikiliza vizuri, akauliza mtihani upo kwa lugha gani, nikamwambia Kiswahili sijakiona. Akafungasha maandazi yake. Bado sijui nilipaswa kusema nini pale. Nilichofanya ni kumuongeza mawili, akarudisha moja.

Ijumaa iliyofuata nililaza unga saa mbili zaidi, nikapunguza moto. Yakatoka mepesi, yamevimba, yana uwazi katikati kama yale ya Tanga kabisa. Kufika saa nne na nusu asubuhi meza ilikuwa tupu. Bei sikubadilisha.

Nikampigia picha wifi pakiti ya mwisho, stika ikionekana vizuri, nikaandika: hayo ndiyo ya elfu tano. Akajibu haraka kuliko kawaida yake. "Yanavutia wifi, hongera. Yameumuka. Hayo maandishi madogo ya chini yanasema nini?"

Vitiki vya bluu vimeshaingia tangu jana. Bado sijamjibu.