Siku moja nyuma ya mashine ya moyo na mapafu

Upasuaji wa moyo ukitajwa, watu humfikiria mpasuaji. Anayeendesha pampu, yaani mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji, hayumo hata kwenye picha ya pamoja. Kazi yetu ngumu kuliko zote ni siku ya aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, iliyovimba mpaka kwenye upinde, pale inapotoa ateri za kwenda kichwani. Upinde huo haukatwi huku damu ikipita, na ubongo wenye joto la kawaida ukikosa damu dakika nne au tano huanza kuharibika. Kwa hiyo kinachofanyika ni kuupoza.

Saa 11 alfajiri: feri ya Likoni, mahamri, chai ya rangi. Siku ya aota hakuna kungojea feri ya pili.

Saa 12:30: kuunga mipira, oksijeneta (kifaa cha kutia damu oksijeni), chujio. Kwanza tunapitisha kaboni dioksidi kama dakika tano ili kuifukuza hewa, kwa sababu gesi hiyo huyeyuka upesi kwenye maji kuliko hewa. Kisha tunajaza maji ya dripu lita moja na nusu hivi, pamoja na heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Tunapima king'ora cha mapovu na kuhakikisha mpini wa kuzungushia pampu kwa mkono upo pale pale, si kabatini. Stima ikipotea, pampu hushikwa na betri, lakini mashine ya kupoza na kupasha maji yanayobadili joto la damu hula umeme mwingi na kwa kawaida haimo kwenye betri hiyo. Inangoja jenereta. Feni yake tunaigeuza isielekee meza ya upasuaji, maana maji ya tangi yanaweza kubeba bakteria.

Halafu barafu. Mwezi wa pili Mombasa maji ya bomba hutoka vuguvugu, na friza ikiwa imejazwa soda za watu, hapo ndipo maneno huanza. Barafu ni ya kuzunguka kichwa cha mgonjwa, ikiwa imefungwa kwa kitambaa, macho na masikio yakiwa yamekingwa yasiungue kwa baridi.

Saa 2:30: mgonjwa amelala. Daktari wa usingizi anabandika vipimo viwili vya oksijeni ya ubongo kwenye paji, kushoto na kulia, na kipimajoto puani hadi kooni. Namba za mwanzo za kushoto na kulia naziandika kubwa kabisa, kwa sababu siku nzima tutalinganisha nazo.

Saa 4: heparini, vizio 300 hadi 400 kwa kila kilo. Mpaka muda wa damu kuganda upite sekunde 480, pampu haiwashwi. Damu tunaiingizia ateri ya kwapa la kulia, kupitia kipande cha mshipa bandia kilichoshonewa hapo.

Kupoza huwa nusu saa au zaidi, na hakuna cha kuonyesha. Kila nyuzi moja inaposhuka, mahitaji ya ubongo hupungua kwa asilimia 6 au 7. Ukikimbiza, sehemu za ubongo hupoa na nyingine hubaki na joto huku kipimajoto kikikudanganya kwamba mambo tayari.

Nyuzi 25. "Daktari, tuko tayari." Kichwa cha meza kinashushwa ili hewa isipande ubongoni. Pampu inapunguzwa, shina la ateri ya kulia linabanwa pale linapotoka kwenye upinde ili damu inayoingia kwapani ipande kichwani, na kuanzia hapo mwili haupati damu isipokuwa kichwa na mkono wa kulia: mililita 10 kwa kilo kwa dakika. Mgonjwa wa kilo 70 anapata mililita 700, shinikizo kwenye mkono wa kulia likiwa kati ya 50 na 70. Naita muda kila dakika tano. Hakuna anayejibu, na sitegemei jibu.

Namba ya kushoto ikishuka kwa asilimia 20 kutoka ile ya mwanzo, maana yake huenda njia za damu chini ya ubongo hazivushi vya kutosha kutoka kulia. Tunaangalia kwanza shingo haijapinda na mpira haujakunjika. Tunaongeza mtiririko kidogo, tunaacha kaboni dioksidi ya damu ipande, tunaangalia hemoglobini. Ikigoma, mpasuaji anaingiza mpira wa pili kwenye ateri ya shingo ya kushoto. Hilo huamuliwa mapema, maana mikono ikishazama kwenye kushona haina nafasi.

Upinde ukishashonwa, saa ya ukutani hainisaidii tena, kwa sababu kupasha joto kumeanza na kila mtu amechoka.

"Ongeza joto, bwana, tumalize."
"Damu inaingia nyuzi 32, inarudi 28, Daktari. Siwezi kupita hapo."
"Dakika ngapi?"
"Nyingi."

Damu inayoingia ikiwa chini ya nyuzi 30, tofauti hiyo huruhusiwa kufika 10. Juu yake ni nne tu, na joto hupanda nusu nyuzi kwa dakika, basi. Damu ya baridi ikipashwa ghafla gesi hutoka kama mapovu. Na ubongo, ambao ndio kwanza umetoka kwenye shida, huwa na joto kuliko koo linavyosema. Kwa hiyo damu inayotoka kwenye oksijeneta haipiti nyuzi 37 hata dakika moja. Saa nzima huisha hivi, mara nyingi zaidi, huku mgongo ukilia. Nikilazimika kugombana thietani, nagombania hapa.

Protamini, dawa ya kuondoa nguvu ya heparini, ikianza, pampu ya kufyonza damu inazimwa papo hapo, la sivyo damu itaganda kwenye mashine. Mipira haitupwi mpaka kifua kifungwe.

Jioni, karatasi yangu inakwenda ICU na mgonjwa: nyuzi za chini kabisa, dakika ambazo mwili haukupata damu, namba ya chini ya kila upande wa paji. Sista atakayempokea namwambia jambo moja tu: usimruhusu apate homa usiku huu, na dawa ya usingizi ikipungua mwambie abane vidole, mkono wa kulia kwanza, maana ndio unaoongozwa na upande wa kushoto wa ubongo.