Kabla hujanunua dawa ya kupunguza kitambi, piga hesabu

Tangazo linasema: kilo 10 kwa siku 7, bila kujinyima, bila mazoezi, mitishamba asilia asilimia 100. Shika kikokotoo cha simu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba takriban kalori 7,700, kwa hiyo kilo 10 ni kalori 77,000. Gawanya kwa siku 7: kalori 11,000 kila siku. Mtu mzima hutumia kama 2,000 hadi 2,500 kwa siku, kwa hiyo hata asipokula chochote wiki nzima hafikii robo ya hapo. Kama mzani ulishuka kweli, kilichotoka zaidi ni maji na choo.

Na hivyo ndivyo zinavyofanya kazi chai nyingi za kupunguza tumbo. Tafuta sanamaki kwenye orodha ya viambato. Huandikwa pia Senna au Cassia angustifolia. Sanamaki ni dawa nzuri kwa aliyefunga choo, lakini nguvu yake iko kwenye utumbo mpana, na chakula hunyonywa kabla ya hapo, kwenye utumbo mwembamba. Kalori za pilau zimeshaingia mwilini wakati wewe unakimbilia chooni. Unapoteza maji na chumvi, potasiamu ikiwamo, na kilo zilizoshuka zinarudi ukishakunywa maji na kula vizuri. Ukikaza wiki baada ya wiki, upungufu wa potasiamu unaweza kulegeza misuli na kuvuruga mapigo ya moyo. Mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango ajue pia kwamba akiharisha sana, kidonge kinaweza kupita bila kunyonywa, na mimba ikaingia.

Sasa geuza chupa. Ukiona "mchanganyiko maalumu wa mitishamba, miligramu 500" halafu majina manane bila kipimo cha kila kimoja, irudishe kwenye kabati. Huwezi kujua kama kiambato unachokilipia kipo miligramu 400 au 4, na bila kipimo hakuna cha kupima wala kulinganisha.

Kipimo kikiwepo, kilinganishe na kile kinachohitajika. Mfano ni glukomanani, unyuzinyuzi wa mzizi wa konjaki unaovimba tumboni na kuleta shibe. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikubali kwamba inasaidia kupunguza uzito kwa masharti haya: gramu 3 kwa siku, gramu 1 kabla ya kila mlo pamoja na glasi moja au mbili za maji, na mlaji awe amepunguza chakula. Kapsuli zikiwa za miligramu 500, hizo ni kapsuli 6 kwa siku. Chupa ya kapsuli 60 inakwisha siku ya kumi. Muuzaji anayesema "mbili kwa siku, inakutosha mwezi mzima" anakuuzia theluthi moja ya kipimo. Usiimeze kwa maji ya kulowesha koo tu, kwa sababu inaweza kuvimba njiani na kukukaba.

Garcinia, kirutubisho cha ganda la tunda, nayo inatangazwa kila kona. Mwaka 1998 jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, lilichapisha jaribio la watu 135 kwa wiki 12. Waliomeza garcinia walipungua wastani wa kilo 3.2, waliopewa vidonge visivyo na dawa yoyote walipungua kilo 4.1, na tofauti hiyo ilikuwa ndogo mno kuhesabika. Wote walikuwa kwenye mlo wa kalori chache, na mlo huo ndio uliofanya kazi. Kumbuka hilo kila unapoonyeshwa picha za "kabla na baada" kwenye Instagram: uliza huyo mtu alikuwa anakula nini.

Kisichofanya kazi kinakula pesa yako tu. Mimi ninaogopa zaidi kile kinachofanya kazi kupita kiasi. Kapsuli iliyoandikwa "mitishamba tupu" ikikukata hamu ya kula ndani ya siku mbili, mdomo ukakauka, usingizi ukapotea na moyo ukadunda, shuku sibutramini. Ni dawa ya kemikali iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010, baada ya utafiti mkubwa kuonyesha kwamba inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wenye ugonjwa wa moyo. Mpaka leo wakaguzi wa dawa wa nchi mbalimbali huikuta imefichwa ndani ya bidhaa za "asili". Neno asilia kwenye lebo halina uwezo wa kuizuia.

Kwa Tanzania, tangu 2019 vyakula viko chini ya TBS (Shirika la Viwango) na dawa chini ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba). Alama ya ubora ni ya kutafuta, ila usiisome kama uthibitisho kwamba kitambi kitapungua.

Anayetaka kitu chenye ushahidi, aende kwa mfamasia aulizie orlistati. Inazuia kama theluthi ya mafuta ya mlo yasinyonywe. Piga hesabu tena: ukila gramu 60 za mafuta kwa siku, inazuia 20, yaani kalori 180. Hiyo ni chini kidogo ya soda moja ya mililita 500. Na mlo wako ukiwa ugali mkubwa, mchicha na chai ya sukari, mafuta ni machache na dawa haina cha kuzuia. Ukila chipsi kuku, yaliyozuiwa yatatoka kwa njia ya haja kubwa kama mafuta yenyewe, mara nyingine bila hodi. Anayetumia ARV, dawa za tezi ya shingo au warfarini (dawa ya kuzuia damu isigande) asianze bila daktari, kwa kuwa orlistati inaweza kuvuruga dawa hizo. Mjamzito na anayenyonyesha waiache.

Ukiamua kujaribu, jipime asubuhi baada ya choo na kabla ya kula, uchukue wastani wa wiki, na upime kiuno kwa utepe mahali palepale. Orlistati ina mpaka wake: usipopungua asilimia 5 ndani ya wiki 12, acha. Kwa mwenye kilo 90 hiyo ni kilo 4.5. Sioni sababu ya kuvipa virutubisho muda mrefu zaidi ya huo.

Moyo ukienda mbio, kifua kikabana, au macho na mkojo vikabadilika rangi, acha siku hiyohiyo uende hospitali na chupa yenyewe pamoja na kapsuli zilizobaki. Taja ulimeza ngapi na saa ngapi, na dawa nyingine zote unazotumia.