Fomu ya chama imeingia jikoni

Wenzangu wa Malindi mnaofanya kazi hotelini, hili lawahusu. Kila mwaka masika ikiingia na Waitaliano wakirudi kwao, sisi wa jikoni na vyumbani twaambiwa "nendeni nyumbani, tutawapigia simu." Mshahara unakatika, kodi ya nyumba haikatiki. Safari hii tukaamua kujiunga na KUDHEIHA, chama cha kutetea wafanyakazi wa hoteli, majumbani, shule na hospitali.

Woga ulikuwepo, sikatai. Fomu ilipitishwa chini ya meza ya kukatia mboga, watu wakitia sahihi na mikono yanuka kitunguu. Mpishi mmoja mzee, mjuzi wa maneno, akasema: "Wanangu, wazee wenu waligoma Mombasa Januari 1947, na mkoloni ana bunduki. Nyinyi mwamwogopa meneja?" Tukacheka, kalamu ikazunguka.

Kwa wasiojua: Katiba, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama au kujiunga nacho, na hata kugoma. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 nayo yasema chama kikishapata zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoruhusiwa kujiunga, mwajiri sharti akitambue. Hapo ndipo chama na mwajiri wakae mezani kuzungumzia mkataba mmoja wa wafanyakazi wote.

Meneja ameshaanza kuita watu ofisini mmoja mmoja, eti mazungumzo ya kirafiki. Chai na mahamri juu. (Mahamri yenyewe tumepika sisi!) Nusu hatujaifikia, bado watu wa bustani na wa dobi. Kesho naanza na dobi.